Kadi ya Ziada

Dobi aliingia benki asubuhi ile akiwa mchumba wa mtu, mkono mmoja ukishika bahasha ya vyeti, mwingine ukishikwa na Fundi Vioo. Saa moja baadaye alitoka peke yake, hajui tena yule mwanamume ni nani kwake. Basi tusimlaumu sana kwa aliyoyasema mchana wa siku hiyo.

Jina la Dobi lilitokana na kazi. Alikuwa na duka la kufua na kupiga pasi, na ndani yake mashine kubwa ya kufulia, ile ya kumeza mashuka ya vitanda ishirini kwa mkupuo mmoja. Wateja wote walijua historia ya mashine hiyo, maana Dobi hakuchoka kuisimulia. Miaka minne alimpa mama yake akiba amtunzie, na siku alipotaka kufungua duka, mama akaja na lori, mashine juu. "Mama yangu ndiye benki yangu," alikuwa akisema, na akisema hivyo uso wote unang'aa.

Fundi Vioo naye aliingia maishani mwake kupitia mlango, tena mlango wa kioo. Alitumwa na karakana yao kuja kuupima. Fundi wa kweli hupima mara moja, akizidi sana mara mbili. Huyu alipima mara tano, na kila akipima anamtazama mwenye duka badala ya futi. Dobi aliliona hilo na akajifanya hakuliona, akaongeza chai kikombeni.

Kilichowakwamisha wasifunge ndoa kilikuwa kimoja tu, nacho ni mama. Mwaka mzima sasa mama alikuwa amekaza shingo. Ukimwuliza kasoro ya kijana, haitaji. "Huyo wa vioo simtaki. Macho yake hayanipendezi." Dobi aliyajua macho hayo kuliko mtu yeyote, na hakuona humo ila upole. Alilia, akabembeleza, akatuma mashangazi. Mama akabaki pale pale. Na Dobi hakuwa tayari kuolewa bila baraka za mwanamke aliyemnunulia mashine.

Siku hiyo benki walikwenda kwa ajili ya kazi. Hoteli moja ilikubali kumpa Dobi mashuka yake yote, kwa sharti anunue mashine ya kuyapiga pasi. Mtu akamwambia dawa ni kadi ya mkopo.

Dawati la kadi lilikaliwa na mama wa makamo, miwani imeshuka puani, sauti ya mwalimu wa hesabu.

"Umewahi kuwa na kadi ya mkopo, dada?"

"Sijawahi. Wala sijawahi kudaiwa na mtu," Dobi alijibu, kifua mbele kidogo.

"Hapo ndipo penye tatizo."

"Tatizo gani tena? Kutodaiwa?"

"Usipowahi kukopa, sisi hatukujui. Hatujui kama wewe ni wa kulipa au wa kukimbia. Akiba ya kufungua duka uliiweka wapi?"

"Kwa mama."

Yule mama wa dawati aliinua macho. "Mama anatoa taarifa ya miezi sita, yenye muhuri?"

Dobi alicheka. Fundi Vioo hakucheka. Alikohoa kikohozi kikavu, na Dobi akadhani ni baridi ya kiyoyozi, akamsogezea kitambaa chake cha shingo.

"Tuendelee," yule mama alisema, akasukuma karatasi moja mezani. "Anayeomba kwa mara ya kwanza hapa kwangu hatii sahihi mpaka asome ukurasa huu kwa sauti. Wakubwa wangu wanasema napoteza muda. Waache waseme. Wateja wakishaliwa na riba hawaendi kulia kwa wakubwa, wanakuja kulia hapa."

Dobi akasoma kama mtoto wa darasa la tatu, kidole chini ya mstari. "Kadi hii si pesa yako, ni mkopo. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa, hutozwi riba. Ukilipa kiwango cha chini tu, kinachobaki kinatozwa riba, na mwezi unaofuata riba hutozwa juu ya deni pamoja na riba yake. Ukitoa pesa taslimu kwa kadi hii, riba inaanza siku hiyo hiyo."

"Ngoja," Fundi Vioo alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Kile kiwango cha chini," aliuliza polepole, "si ndicho kinachodaiwa kwa mwezi ule?"

"Kaka una kadi?"

"Ninayo."

"Na unalipaje?"

"Ile wanayoandika chini. Sijawahi kuchelewa hata siku moja."

"Muda gani sasa?"

"Miezi kumi na saba."

Yule mama aliilaza kalamu yake mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. "Kaka yangu," alisema, na sauti ya hesabu ilikuwa imemtoka. "Hicho ni cha kukuzuia usipigwe faini. Deni lenyewe linabaki pale pale, na kwa riba yetu pengine linanenepa."

Rangi ilimtoka Fundi Vioo. Alikitazama kidole chake chenye makovu ya vioo kana kwamba ndicho kilichokosea. Dobi alimwonea huruma. Akambonyeza goti chini ya meza, akatania kwamba mume anayelipa kwa wakati bila kujua analipa nini atakuwa mume mzuri sana. Kisha akarudi kwenye karatasi. "Mwenye kadi kuu ndiye anayelipa kila kinachonunuliwa kwa kadi ya ziada, hata kama hakujulishwa. Kadi ya ziada ndiyo nini?"

"Kadi ya pili juu ya mkopo ule ule. Mtu anampa mkewe, au mzazi. Kwa hali yako, dada, ukiomba mwenyewe leo utapata kiwango kidogo kisichotosha hata pasi ya mkono. Peleka mauzo yako benki, rudi baada ya miezi sita. Kama huwezi kungoja, wengine wanaanza na kadi ya ziada ya mwenzao."

"Si huyu hapa?" Dobi alisema. Tayari alikuwa ameichomoa pochi ya mwenzake mfukoni mwa koti, kwa uhuru wa mtu anayependwa, akaiweka kadi mezani. "Tutalipa pamoja, tena deni lote, tumeshafundishwa."

"Dobi, si leo," Fundi Vioo alisema.

"Kwa nini si leo?"

"Si leo tu. Twende, nitakueleza."

"Unanionea aibu? Au unaogopa nitakufilisi?" Alikuwa bado anatabasamu.

"Kaka," yule mama akaingilia, "unaridhia niifungue akaunti yako mbele yake?"

Akikataa, Dobi atauliza anaficha nini. Akikubali, je? Fundi Vioo aliirudisha pochi mfukoni. "Fungua," alisema, na lilitoka kwa shida.

Vidole vikagonga vitufe. Yule mama akasoma, akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akasoma tena.

"Nafasi haipo. Kadi ya daraja hili hupewa kadi ya ziada moja tu, na ilishatolewa. Inatumika vizuri tu. Mara ya mwisho ni juzi, duka la mapazia."

Tabasamu la Dobi lilibaki usoni kwa muda, halina mwenyewe. Alisikia watu wakiitwa namba zao, mwanamke anagombana na mlinzi, na yote hayo yalikuwa mbali.

"Ya nani?" aliuliza.

"Hilo atajibu mwenye kadi."

Dobi akamgeukia. "Ni ya mwanamke?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa pale, mwepesi, ungetosha kuwafikisha nyumbani. "Ndiyo," alisema. "Ni ya mwanamke."

"Nani?"

"Niliahidi kutomtaja."

"Ulimwahidi yeye."

"Ndiyo."

"Anaweka mapazia, kwa jasho lako. Na mimi unaniambia tungoje mwaka wa pili mpaka mama alainike." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na hiyo ndiyo iliyomtia Fundi Vioo hofu. "Kumbe mama yangu aliona. Mwaka mzima ananiambia macho yako hayampendezi, na mimi namwona mkorofi."

Alikusanya vyeti vyake kimoja kimoja. Alitoka bila kujikwaa, akafika kwenye ngazi za nje. Pale jua lilimpiga usoni, naye akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyepotelewa na mzigo.

Fundi Vioo alimkuta hapo, mkononi ana karatasi zilizotoka kuchapwa, bado zina joto.

"Sina haja ya kuona," Dobi alisema.

"Niliahidi kutomtaja mtu. Kuficha karatasi hakukuwa kwenye ahadi. Soma mstari wa kwanza, Dobi. Mmoja tu. Halafu ukitaka kuniacha, niache kwa jambo unalolijua."

Alisoma ili amalize. Mstari wa kwanza wa matumizi ya kadi ya ziada ulikuwa wa wauza mashine za kufulia. Bei aliijua, maana aliisimulia kwa miezi kumi na saba. Tarehe pia aliijua. Ilikuwa siku ile lori liliposimama mbele ya duka.

Akasoma tena. Kisha akashuka na kidole kama alivyofanya kule ndani: dawa za presha, miwani, viatu vya kanisani, seti ya sufuria, mapazia. Miwani ile alikuwa ameisifia Jumapili, puani mwa mama yake.

"Akiba yangu," alisema. "Miaka minne. Sasa akiba yangu ilikwenda wapi?"

Fundi Vioo aliitazama barabara. Dobi akasimama.

Mama yake walimkuta sebuleni, amepanda kigoda, anatundika pazia jipya la rangi ya samli. Alipomwona Fundi Vioo nyuma ya binti yake, mdomo ulimbana.

"Shikamoo, mama," kijana alisema.

"Marahaba," mama alijibu, uso ukielekea dirishani. "Wewe binti, huyu nilikwambia asiingie hapa mpaka nitoe jibu."

"Mama, shuka," Dobi alisema. "Shuka unieleze hilo pazia umelinunua kwa pesa ya nani."

Mama aliona karatasi. Hakuhitaji kuisoma. Alishuka, mguu mmoja kisha mwingine, akakaa kwenye kigoda kile kile na kuanza kulikunja pazia magotini, likiwa bado na bei yake.

"Umemwambia," alimwambia kijana.

"Sijasema neno, mama."

"Hajasema," Dobi alisema. "Nimemtukana moyoni njia nzima na bado hakusema. Sema wewe. Akiba yangu iko wapi?"

Mama alikunja pazia likawa dogo kama leso.

"Mjomba wako," alisema mwishowe. "Ule ugonjwa wake. Walikataa kumpasua bila malipo. Nikasema nakopa kwako, atapona, atarudisha. Akapona. Akahama mji, na simu akabadili."

"Zote?"

"Zote, mwanangu."

Dobi alishika ukingo wa meza. Miaka minne ya mikono kuchubuka kwa sabuni, kila Jumamosi anakuja na bahasha, mama anaipokea kwa mikono miwili na kumwombea heri. Na wakati mwingine bahasha ile ilikuwa ikielekea hospitali kabla hajafika kituo cha basi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenitazama kama unavyonitazama sasa." Mama alimwelekeza kijana kwa kidevu. "Ukaja na habari ya duka, nikakuahidi mashine wiki ijayo. Wiki ikafika sina hata nauli. Nikamkumbuka huyu, yule aliyekuja kuupima mlango na kusahau futi yake. Nikaenda karakanani kwao. Nikapiga magoti, Dobi. Mtu mzima kama mimi, kwenye vumbi la vioo, mbele ya kijana ambaye sijui hata kwao. Akaninyanyua, akanifuta magoti kwa kitambaa chake. Baada ya siku chache akaniletea kadi yenye jina langu."

"Na ukamlipa kwa kumkataa."

"Ndiyo," mama alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Kila akinitazama nayaona magoti yangu. Nikasema huyu akiingia katika nyumba hii, sina heshima tena mpaka nazikwa. Wawili mtakaa mnajua, mimi nitakaa nimejikunyata. Afadhali aende zake."

"Huku unaendelea kununua miwani."

"Nilidhani amejaza pesa humo," mama alisema, na sasa alikuwa ameshangaa yeye. "Kila nikiichanja kwenye mashine ya dukani inakubali. Nikasema, kijana ana kazi nzuri, pesa zake haziishi. Kwani si zake?"

"Ni deni, mama. Benki inamdai. Ukijumlisha alicholipa, mashine imeshalipwa karibu mara moja nzima, na bado anadaiwa zaidi ya bei yake."

Pazia lilimwanguka mama magotini. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kileso, akafungua fundo, akaiweka kadi mezani kama mtu anayetua kaa la moto.

"Mbona hukunikataza?" alimwuliza kijana.

"Mimi mwenyewe nilidhani nalipa," Fundi Vioo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nimejua leo saa tatu."

Mama aliisukuma kadi kuelekea kwake. "Basi, nimekubali," alisema. "Mchukue. Sina uso wa kukataa tena."

"Hapana, mama." Kijana alisogea, akachuchumaa ili macho yao yalingane. "Sitaki unipe mtoto kwa sababu ya mashine. Kama hunitaki, nikatae leo tena, nitasikia na nitaendelea kulipa. Lakini umesema utakosa heshima. Mimi nimelijua jambo hili miezi kumi na saba. Nikumbushe siku moja niliyokuvunjia heshima."

Mama alitafuta. Ilionekana usoni jinsi alivyotafuta, mwezi baada ya mwezi, mara zote alizomfungia mlango naye akasema shikamoo kwa nje. Hakuipata. Akanyoosha mkono, akamshika shavu.

"Kaa kwenye kiti, baba," alisema. "Kaa, hapa ni kwenu."

Mwaka mzima Dobi aliililia sentensi hiyo. Aliiota, akajua hata nguo atakayovaa siku itakaposemwa. Sasa imesemwa, na ndani yake hapakuinuka kitu. Alimtazama mwanamume aliyempenda, amechuchumaa pale na shavu lake mkononi mwa mama, akamwona mzuri kuliko siku zote. Ndipo maumivu yakamjia kikamilifu.

"Ulikuwa unakuja dukani kila jioni," alimwambia. "Unakaa kwenye benchi. Nasimulia wateja habari ya mama na lori, na wewe unatikisa kichwa. Mara nyingine ulinikumbusha sehemu niliyoiruka."

Fundi Vioo alisimama. "Ulikuwa na furaha, Dobi."

"Nilikuwa na furaha ya mtu asiyejua. Mlikuwa wawili mnajua, mimi nimekaa katikati nacheka."

"Nilifanya kwa kukupenda."

"Najua. Ungekuwa umefanya kwa ubaya ningekuwa nimeshaondoka." "Unaweza kunitazama machoni miezi kumi na saba na nisione kitu. Je, yakija makubwa zaidi? Nitayaona wapi? Kwenye karatasi za benki?"

"Mwanangu, usimfanyie hivyo," mama alisema haraka, akiinuka na kumshika kijana mkono wa shati. "Kosa ni langu. Nimeshakubali, hukusikia? Nimekubali."

"Nimesikia, mama," Dobi alisema, akichukua bahasha yake ya vyeti. "Ni mimi ambaye sijakubali."

Akatoka. Mama na Fundi Vioo wakabaki wamesimama bega kwa bega, watu wawili waliokwepana mwaka mzima, wanasikiliza hatua zake zikishuka ngazi. Hakuna aliyethubutu kumwuliza mwenzake kama atarudi.